Mikono ya Wazee na Dawa Zake: Sehemu ya Tatu, Baridi Yabisi na Zebaki

Wasomaji waliofuatana nasi tangu mwanzo wanajua kwamba hina na karafuu tumekwisha kuzimaliza, na leo nilikusudia kuanza habari za nta ya moto. Lakini magazeti yamerejea kuandika juu ya mkataba wa Minamata, ambao wanachama wake walikubaliana mjini Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025, na juu ya vikopo vya krimu hizo ambavyo vingali vikiuzwa. Sikuona vyema kunyamaza.

Hata hivyo, kabla ya zebaki, naomba ruhusa nilitazame neno moja nilipendalo tangu ujana wangu. Baridi yabisi, ambayo kila mtu wa pwani huitaja anaposhika kifundo kinachomuuma, si jina lililookotwa njiani: ni hukumu nzima ya utabibu wa Kiyunani uliopita kwa Waarabu na Waajemi, kwani yabisi maana yake ni kikavu, na Sheikh Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, aliandika katika al-Qanun fi't-Tibb kwamba kama utoto ulivyo na mizaji ya joto na unyevu, ndivyo uzee ulivyo na mizaji ya baridi na ukavu. Na kwa kuwa kwao maradhi hutibiwa kwa kinyume chake, aliagiza mzee asingwe kwa mafuta, kwa kiasi, pasipo kukamuliwa kwa nguvu. Kitabu hicho Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka. Basi anayeyacheka maneno ya bibi yake na ajue anamcheka nani.

Mwingereza William Heberden, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ndiye aliyevieleza vinundu vigumu vya karibu na ncha za vidole na kuvitenga na jongo. Madaktari wa leo husema sababu si baridi, bali ni kuchakaa kwa gegedu linalofunika ncha za mifupa. Lakini nao humwambia mgonjwa vilevile atie mikono katika joto, na humpa jeli ya diklofenaki ya kupaka kiungoni, ambayo huingia katika damu kidogo sana kuliko vidonge, tumbo likasalimika.

Maumivu yana haki ya dawa. Madoa ya jua juu ya mikono iliyolea watu hayana kosa la kutibiwa, na naona ni dhuluma kumfundisha mzee ayaonee haya. Zebaki huyafifisha kwa kuzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini, ikadhuru mafigo na mishipa ya fahamu, hata mikono ile ile iliyotafutiwa uzuri ikaanza kutetemeka.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mshoni wa kofia za viua. Jioni, vidole vilipokataa kushika sindano, aliweka bakuli la uto wa simsim kando ya makaa, akatia karafuu chache, akangoja harufu ipande. Kisha kwa dole gumba la kushoto akazunguka kila kifundo cha mkono wa kulia, toka ukucha hata kiwiko cha kiganja, polepole, nami nikimshikia taa. Mchuuzi mmoja alimletea kikopo cha krimu ya kuondoa madoa. Ndani mlikuwa na karatasi, akaniambia, "Nisomee, mwanangu," nikamsomea kwamba dawa isigusane na dhahabu wala fedha. Wala sikujua wakati ule kwamba onyo la namna hiyo ni mojawapo ya dalili za zebaki, ambayo hushikamana na madini hayo na kuyaharibu. Shangazi aliitazama pete yake ya fedha, isiyotoka tena tangu kifundo kilipovimba, akakifunika kikopo, akalivuta bakuli la uto karibu.