Kijana Aliyefiwa Msimnyang'anye Daftari



Matanga yakiisha, wageni hurudi makwao. Nyumba hubaki kimya, na kijana aliyefiwa na mama au baba hujitenga na daftari lake. Huku Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko, wapo walezi wanaoona huo ni uvivu. Huenda kijana anatunga shairi, na shairi hilo laweza kumsaidia.

Kwa nini kuandika husaidia?

Kijana anajua kwamba aliyekufa harudi, lakini hajazoea kusema yaliyomo moyoni. Mvulana huambiwa, "Jikaze, mwanamume halii." Msichana huachiwa wadogo zake awalee. Majonzi yaliyofungiwa ndani hujitokeza mwilini: kichwa huuma, usingizi hupotea, chakula hakiliki. Akiandika, husema kwa kalamu yale yaliyoushinda mdomo.

Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi wa chuo. Walioandika juu ya machungu yao, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kwanza walijisikia vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Basi mzazi usishtuke kuona machozi juu ya daftari.

Kwetu jambo hili si geni. Shaaban Robert (1909–1962) alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi la maombolezo. Kuhesabu mizani na kutafuta vina humpa mtunzi kazi ya kushika wakati moyo unayumba. Vina vikimshinda kijana, na aandike bila vina.

Mzazi ufanye nini?

1. Mpatie daftari, kalamu na nafasi tulivu.
2. Usilisome bila ruhusa yake, wala usiwaonyeshe wageni.
3. Akikusomea, sikiliza. Usimsahihishe, wala usimwambie, "Hayo yamepita."
4. Usimlazimishe kuandika. Wengine hufarijika kwa kuimba, kucheza mpira au kukaa na rafiki.
5. Mtajeni marehemu nyumbani kwa jina lake, ili kijana asidhani kwamba ni yeye tu anayemkumbuka.

Dalili za hatari

Daftari si daktari. Kijana akisema au akiandika kwamba anataka kufa, akianza pombe au bangi, au akikosa kula na kulala kwa wiki 2, msingoje. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni upesi Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe.

Majonzi hayaishi siku ya arobaini. Miezi baadaye, wageni wakiwa wameshasahau njia ya kuja kwenu, mwulize tena mwanao: "Mwanangu, umeandika nini leo?"