Mkomafi na Mkomafi Dume

Mkomafi (Xylocarpus granatum) na mkomafi dume (Xylocarpus moluccensis) ni miti ya jenasi moja, na yote miwili huota katika misitu ya mikoko ya Pwani ya Kenya. Kiukoo iko karibu zaidi na mwarobaini na mkangazi wa nchi kavu kuliko na mkoko wenyewe. Katika hori ya Tudor huko Mombasa, magharibi mwa mtaa wa Bombolulu, mkoko na mchu ndiyo iliyotawala. Mkomafi huonekana hapa na pale.

Neno dume lisimpoteze mtu. Hizi ni aina mbili kamili, na kila mti, wa aina hii au ile, huchanua maua ya kiume na ya kike. Mkomafi dume nao huzaa.

Alama za kuaminika ziko shinani. Gome la mkomafi ni laini, hubambuka vipande vyembamba na kuacha mabaka kama la mpera. Mizizi yake hutambaa juu ya tope ikiwa bapa, imesimama kwa ubavu na kupindapinda. Gome la mkomafi dume hukwaruza na lina mipasuko ya wima. Mizizi yake huchomoza topeni kama vigingi. Maumbo ni mawili, kazi ni moja: tope lililojaa maji halina hewa, hivyo mizizi huivuta kutoka juu maji yakipwa.

Majani ya mkomafi yana ncha ya mviringo na mti hubaki kijani mwaka mzima. Ya mkomafi dume yamechongoka, na hupukutika kwa msimu.

Tunda ndilo kioja. La mkomafi hufikia kipenyo cha sentimita 20 na zaidi, na uzito wa zaidi ya kilo moja. Ndani mna mbegu kubwa zenye pembe, zilizopangika kwa kubanana hata ukizitoa ni kazi kuzirudisha. La mkomafi dume ni dogo, kama sentimita 10. Mbegu za yote miwili huelea na kusafirishwa na maji.

Mbao za mkomafi ni nzuri kwa samani, na ndiyo maana huwindwa. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na kuikata kunahitaji kibali. Wanaorudisha mikoko wakumbuke kwamba mche wa mkoko huanza kukua ungali mtini, ukachomekwa topeni moja kwa moja. Mkomafi hauna njia hiyo ya mkato. Mbegu zake ziokotwe, zitenganishwe kwa aina, zioteshwe kwanza kitaluni.