Kiu ya Pombe Haitoki Kichwani Peke Yake

Jumatatu asubuhi, kwenye vibanda vya supu vya Mikocheni, Dar es Salaam, si ajabu kumkuta mtu ameshika bakuli kwa mikono miwili kwa sababu inatetemeka. Supu yenyewe haishuki. Anatafuta cha kuzimua, na akikipata mikono inatulia. Mtaani ataitwa mlevi asiye na haya. Hospitalini tunamwona mgonjwa, na sehemu ya ugonjwa wake imo tumboni.

Ukuta wa utumbo hupitisha chakula na kuzuia bakteria. Pombe ya kila siku huulegeza. Viroba, yaani pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini pombe kali ipo kwenye chupa ndogo, na wengi huinywa bila kula. Ukuta ukilegea, masalia ya bakteria hupenya kwenye damu, kinga ya mwili huamka, na taarifa zake huufikia ubongo kupitia damu na neva ya vagasi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa waliomaliza wiki tatu bila pombe. Waliokutwa na utumbo unaovuja ndio waliobaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa zaidi ya kunywa. Utafiti huo hausemi utumbo ndio chanzo cha kila kitu. Unatusaidia kuelewa kwa nini mtu anaapa mbele ya wazazi wake, kwa dhati kabisa, kisha anarudi baa.

Jambo jingine la tumboni ni vitamini B1. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mnywaji mwenyewe hali vizuri. Ikipungua sana anayumba hata siku ambayo hajanywa, macho yanachezacheza, anachanganyikiwa, na ndugu wanaanza kusema amerogwa. Hospitali humchoma sindano ya B1 kabla ya kumwekea dripu ya glukosi, kwa kuwa sukari ikitangulia inaweza kuumalizia ubongo akiba ndogo iliyobaki. Baadaye dona, maharage na kunde husaidia. Mtindi pia ni chakula kizuri, ila hautibu uraibu. Anayeuuza kama dawa anawadanganya watu.

Mwaka 2025 Wamarekani walichapisha jaribio la watu 48, nusu yao wakipewa semaglutaidi, dawa ya kisukari inayoiga homoni ya utumbo, na nusu dawa bandia. Kwa waliopewa semaglutaidi hamu ya pombe ilipungua zaidi. Matumaini yapo, lakini jaribio ni dogo. Usiende kuinunua famasi ili uache pombe.

Ninachowaomba wenye ndugu wa namna hii: msimfungie chumbani aache ghafla. Aliyezoea kunywa sana kila siku anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha kuweweseka, na wapo wanaokufa. Hata soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu, isiyo na mhudumu wa afya si mahali pa kuzipitisha siku hizo. Mpelekeni kwanza hospitali, Mwananyamala au iliyo karibu nanyi, na itajeni pombe bila kuona aibu.