Injini ya gesi: Kifaa kidogo kinachozuia maafa

ANAYETAKA kujiundia injini inayotumia gesi ya propani kwa mara ya kwanza hana haja ya kuanza kufua vyuma. Njia iliyo rahisi ni kuchukua injini ndogo ya petroli, kama ile ya jenereta au pampu ya maji, na kuibadilishia fueli.

Wazo hilo si geni. Injini ya mipigo minne iliyoundwa na Mjerumani Nikolaus Otto mnamo 1876 ilitumia gesi ya makaa ya mawe, wala si petroli.

Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri. Kwa hivyo, mtungi ukisimama wima, hutoka ikiwa tayari mvuke. Kinachobaki ni kuichanganya na hewa: sehemu moja ya gesi kwa takriban sehemu 24 za hewa. Mchanganyiko huo huvutwa ndani ya silinda, pistoni ikaushindilia, kisha cheche ya plagi ikauwasha.

Mtego upo kwenye kidhibiti cha gesi. Kile cha jiko hupunguza shinikizo tu. Mtungi ukiachwa wazi, gesi huendelea kutoka hata injini ikizima. Injini huhitaji kidhibiti chenye kiwambo kinachofunguka kwa mvuto wa injini inapozunguka, na kujifunga mara inaposimama.

Tofauti hiyo ndiyo uhai. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Haipai, bali hutambaa sakafuni na kutuama penye mabonde. Ikifikia asilimia mbili tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Wakazi wa Embakasi, Nairobi, wanajua maana yake: mlipuko wa gesi wa Februari 1, 2024 uliua watu na kujeruhi mamia.

Kwa sababu hiyo, majaribio yafanyiwe nje, mtungi ukiwa mbali na joto la ekzosi. Viungo vya mpira vipakwe maji ya sabuni: povu likitokea, gesi inavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti. Aidha, moshi wa injini hiyo bado una kaboni monoksidi inayoua, hivyo isiwashwe ndani ya nyumba.

Asiyepata kidhibiti kinachofaa, ni heri abaki na petroli yake.