Kutibu, Kudhibiti na Kuponya: Istilahi za Ugonjwa wa Wilson

Daktari S. A. Kinnier Wilson alipoueleza ugonjwa huu mjini London mwaka 1912, aliutazama zaidi kama maradhi ya ubongo yaandamanayo na makovu ya ini. Leo yajulikana kwamba chanzo chake ni kasoro ya jeni iitwayo ATP7B. Mwili huhitaji shaba kidogo tu, na ile inayozidi hutolewa na ini kwa njia ya nyongo. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, shaba hulimbikizana katika ini hata ikaliharibu, kisha ikaenea ubongoni na machoni.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni "kurithi". Msomaji akiambiwa ugonjwa ni wa kurithi, hutafuta nani katika ukoo aliwahi kuugua, na asipompata huanza kushuku mengine. Kumbe wazazi wawili wenye afya njema, kila mmoja akibeba nakala moja yenye kasoro, waweza kumzaa mtoto mgonjwa. Yafaa basi kuandika "ugonjwa unaorithiwa kwa baba na mama kwa pamoja", na kueleza kwamba ndugu wa mgonjwa hawana budi kupimwa hata wasipokuwa na dalili.

Upande wa dawa, penisilamini, iliyoletwa na John Walshe mwaka 1956, huikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Trientini hufanya vivyo hivyo. Jina la kitaalamu la dawa za namna hii limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na gando Kiswahili tunalo. Twapendekeza "dawa gando". Zinki isiingizwe humo, kwani yenyewe haikamati kitu: huufanya utumbo uzuie shaba isifyonzwe.

Lakini neno la hatari kuliko yote ni "kuponya". Dawa zote hizi hudhibiti tu. Mgonjwa aliyesoma kwamba dawa "itaponya ini" ataiacha siku ajisikiapo nafuu, na kuiacha kwaweza kumwua. Iandikwe "kudhibiti", na karibu yake "kwa maisha yote". Kupandikizwa ini jingine ndiko kunakoondoa kasoro yenyewe ya ini. Hata hivyo, aliyepandikizwa huendelea kumeza dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini hilo, na jambo hilo nalo mfasiri alitaje katika sentensi iyo hiyo.