Je, Wajua? Jazi za Kale, Kutoka New York Hadi Mnero

Je, wajua kwamba santuri ya kwanza ya jazi duniani ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917, na waliopiga ni Wazungu watano? Walijiita Original Dixieland Jass Band, kwa s mbili. Weusi wa New Orleans, wenye muziki wao, walisubiri hadi 1922 ndipo bendi ya Kid Ory ikaingia studio, tena mbali na kwao, Los Angeles. Mwenye ngoma kafika uwanjani wa mwisho.

Mwaka huohuo wa 1917, mwezi Oktoba, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na Waingereza walikuwa wakichinjana Mahiwa, hapahapa Lindi. Askari na wapagazi Waafrika wa pande zote mbili walikuwa na muziki wao wa kujipumbaza: beni. Tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride la kuigiza maofisa, vyeo vya kujipachika, na mashindano ya vyama kama Marini na Arinoti. Vita vilipokwisha, walirudi nayo vijijini. Kwa hiyo ukiambiwa bendi za shaba zilizogeuka kuwa dansi ni habari ya New Orleans peke yake, usikubali haraka.

Je, wajua kwa nini kwenye santuri za kwanza ngoma kubwa huisikii? Maikrofoni ya umeme haikuanza kutumika sana kurekodia santuri hadi 1925. Kabla ya hapo bendi nzima ililipigia pembe moja kubwa ya bati. Sauti iliingia kwenye pembe, ikatikisa sindano, sindano ikachora mfereji kwenye nta. Ukipiga ngoma kwa nguvu sindano inaruka, kazi imeharibika. Mpiga ngoma akapewa vibao vya mbao agonge. Bendi ya King Oliver iliporekodi Richmond, Indiana, mwaka 1923, inasimuliwa kuwa kijana Louis Armstrong alisukumwa nyuma kabisa kwa sababu koneti yake iliwameza wenzake. Na studio ile ilikuwa kando ya reli: treni ikipita, wote wanasubiri.

Sisi Nachingwea treni haitusumbui tena. Reli ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ilifungwa mwaka 1962. Karanga zilishindwa mapema zaidi. Kilichobaki mjini ni kata inayoitwa Stesheni.

Turudi kwenye santuri. Sauti ya kwanza ya Kiswahili iliyovuma humo haikuwa ya jazi. Ilikuwa ya Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932? Kule Marekani, Duke Ellington alikuwa amekwisha kumaliza zamu yake ndefu kwenye klabu ya Cotton Club, New York. Lakini msidanganyike na jina. Kwetu "jazi" ilikuja kumaanisha bendi yoyote ya dansi yenye ala za kisasa, na mapigo yake yalitoka zaidi Kuba kuliko Marekani, kupitia santuri za rumba zilizoletwa kuuzwa Afrika. Salum Abdallah alizipenda hadi bendi yake ya Morogoro, ya mwaka 1948, ikaitwa Cuban Marimba. Mkuba hata mmoja hakuwamo.

Na Kilwa Jazz? Ya Ahmed Kipande, ilianza 1958. Ukienda kuitafuta Kilwa umepotea njia: maskani yake yalikuwa Dar. Western Jazz ya Iddi Nhende, 1959, vilevile. Wageni wa mjini waliipa bendi jina la kwao. Kila bendi nayo ikajitungia mtindo wa kujitambulisha: Western wakawa Saboso, Atomic ya Tanga Kiweka, NUTA Jazz Msondo. Jamhuri Jazz, nao wa Tanga, wakaita wao Toyota. Hapo sina la kuongeza.

Hili linaniuma kidogo. Ukitaka leo mkusanyiko wa nyimbo hizo, utaukuta umetengenezwa ng'ambo: The Tanzania Sound, Marekani, 1987; Ngoma Iko Huku, nyimbo za Salum Abdallah za 1955 hadi 1965, Ujerumani, 2000; Zanzibara namba 3, yenye dansi la miaka ya 60, Ufaransa, 2007; Western Jazz, Uingereza, 2012. Nyumbani hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Tulitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikazibwa. Kilichotunza nyimbo nyingi ni kanda za Redio Tanzania.

Huku kwetu Mnero, wilayani Nachingwea, wengi hawakuziona hizo santuri. Walizisikia redioni, betri zikianikwa juani ili zipate roho ya jioni moja zaidi. Msimu uliopita wa korosho nilichomeka flashi yenye nyimbo hizo kwenye spika ya fundi baiskeli. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri tairi lizibwe alianza kugonga mguu wa benchi kwa vidole kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kumbe ujanani alikuwa kibarua mjini, na mwenye duka alikuwa na gramafoni. Upande mmoja wa santuri haukuzidi sana dakika tatu, ndiyo maana nyimbo zile hukatika ghafla. Wimbo ukakatika. Fundi akageukia pampu yake. Mzee akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, geuza upande wa pili."