Dawa za Kuwekwa Ukeni: Zipi Zasaidia, Zipi Zadhuru



Watoto ni zawadi ya Mungu, na zawadi hutunzwa. Mama akichukua mimba tena upesi, mara nyingi mtoto anayenyonya huachishwa ziwa mbele ya wakati wake, naye hudhoofika. Mama naye hajapata nguvu. Kwa hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mama angoje miezi 24 baada ya kuzaa, ndipo achukue mimba nyingine.

Mama wengi wanataka kungoja, lakini wanaona haya kuuliza. Wanajaribu kwa siri mambo waliyosikia kisimani. Ndiyo sababu tunaandika waziwazi.

1. Vitu visivyofaa

Usiweke ukeni chumvi, ndimu, sabuni wala majani yaliyotwangwa. Havizuii mimba. Ngozi ya mahali pale ni laini sana: chumvi yaweza kuleta vidonda na makovu yanayofunga njia ya mtoto, na ndimu huunguza. Kidonda ni mlango wa magonjwa.

Kunawa ndani baada ya kulala na mume hakufai pia. Mbegu za mume huingia katika mlango wa tumbo la uzazi kwa dakika chache, maji hayazifikii.

2. Dawa ya kuua mbegu

Iko dawa iliyotengenezwa kwa kazi hii: povu, mafuta mazito, au kidonge cha kuweka ukeni. Kidonge hiki hakimezwi. Kisukume ndani sana, kisha ngoja dakika 10 kiyeyuke. Dawa isiwekwe zaidi ya saa moja mbele ya kulala na mume. Mkilala pamoja tena, weka nyingine. Usinawe ndani mpaka saa 6 zipite.

Lakini ujue kipimo chake. Katika wanawake 100 wanaotumia dawa hii peke yake kwa mwaka mmoja, kwa namna watu wanavyoitumia nyumbani, 21 hivi huchukua mimba. Wasiotumia njia yo yote ni 85 hivi. Basi inasaidia, lakini si ukuta wenye nguvu.

3. Kofia ya mpira na kapoti ya wanawake

Kofia ya mpira hufunika mlango wa tumbo la uzazi. Hutiwa dawa ya kuua mbegu, kisha huachwa ndani saa 6 baada ya kulala na mume, lakini isipite saa 24. Wanawake 17 hivi katika 100 huchukua mimba kwa mwaka.

Kapoti ya wanawake yaweza kuvaliwa saa chache mbele, hata 8. Tumia mpya kila mara. Wanaochukua mimba ni 21 hivi katika 100, lakini wakiivaa vizuri kila mara ni 5 tu. Tena yasaidia kuzuia Sida.

4. Onyo kubwa

Dawa ya kuua mbegu haizuii Sida. Mwaka 2000 matokeo ya uchunguzi yalitangazwa, uliofanywa kwa wanawake wa Benin, Ivory Coast, Afrika ya Kusini na Thailand. Wale walioitumia mara nyingi sana waliambukizwa zaidi, kwa sababu yaweza kuchubua ngozi. Mwanamke mwenye virusi vya Sida, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, asiitumie; atumie kapoti.

5. Basi, ufanye nini?

Mama mwenye mtoto mchanga, ukimnyonyesha maziwa yako tu mchana na usiku, na damu ya mwezi haijarudi, kunyonyesha kwakulinda mpaka miezi 6. Baadaye, kama mimba nyingine yaweza kukuhatarisha, uliza habari za kijiti cha mkononi au kitanzi. Kwa njia hizi, hata mmoja katika 100 hafiki kwa mwaka.

Usiende peke yako kama mume wako aweza kwenda nawe. Paulo alimfundisha Timotheo kwamba mtu apaswa kuwatunza watu wa nyumba yake. Mume anayemngojea mke wake apate nguvu anawatunza.

Ukiwa umekwisha kutumia chumvi au majani, na unaona maumivu, harufu mbaya au damu, njoo leo. Hatutakukaripia. Tutakutibu.